Kivuli cha Adhuhuri Kati ya Nanyuki na Tunduru

Mradi wa pamoja kati ya madarasa ya shule za msingi ni kazi moja ambayo kila darasa hushika sehemu yake, wala hakuna upande unaoweza kuimaliza peke yake. Kusalimiana kwa video na kutumiana picha ni jambo la kupendeza, lakini bado si mradi; kufikia wiki ya pili watoto huwa wameishiwa la kusema.

Mwalimu Célestin Freinet wa Bar-sur-Loup, kusini mwa Ufaransa, alilifahamu hilo tangu 1924. Aliingiza mashine ndogo ya kuchapia darasani, na wanafunzi wake wakabadilishana kurasa na darasa la René Daniel huko Bretagne. Hawa waliishi milimani, wale karibu na bahari. Kila upande ulikuwa na habari ambazo wenzao hawakuzijua. Mwaka 1988 mtandao wa iEARN ulianza kwa kuunganisha shule za Marekani na za Umoja wa Kisovieti, na mwaka 2005 Ulaya ikaanzisha eTwinning. Vyombo vilibadilika, haja ikabaki ileile.

Afrika Mashariki imejaliwa umbali unaofaa sana kwa kazi hii. Nanyuki, Kenya, iko kwenye Ikweta. Tunduru, kusini mwa Tanzania, iko nyuzi 11 hivi kusini mwa Ikweta, na longitudo za miji hiyo zinakaribiana mno: zote ni nyuzi 37 na kitu Mashariki. Kwa hiyo jua hufika kilele chake katika miji yote miwili karibu dakika ileile, na madarasa yake yanaweza kurudia kipimo cha Eratosthenes, aliyekadiria mzingo wa dunia kule Misri zaidi ya miaka 2,200 iliyopita.

Vifaa ni fimbo ya mita moja, timazi ya kuisimamisha wima, rula na saa. Karibu na tarehe 20 Machi, kuanzia saa 6:15 mchana, wanafunzi huweka alama kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika tano. Kivuli kifupi kuliko vyote hupatikana yapata saa 6:39. Nanyuki kivuli hicho karibu kinatoweka. Tunduru hubaki sentimita 20 hivi. Watoto hawahitaji trigonometria: huchora pembetatu kwa skeli, wakapima pembe kwa kipimapembe na kupata nyuzi 11. Umbali wa moja kwa moja kwenye ramani, si wa barabara, ni takriban kilomita 1,230. Zidisha kwa 360, gawanya kwa 11: karibu kilomita 40,250. Mzingo halisi kupitia ncha za dunia ni kama 40,000.

Kipimo cha darasa moja pekee hakisemi lolote, na hapo ndipo simu inapopata kazi. Simu ya mwalimu mmoja kila upande inatosha: jedwali la vipimo hutumwa kwa WhatsApp, pamoja na sauti fupi za wanafunzi wakieleza walivyopima. Njia hiyo hula bando kidogo kuliko video, na ujumbe husubiri mtandao urudi. Picha ziwe za fimbo na vivuli. Sura na majina ya watoto yasitumwe kabla ya mzazi au mlezi kuridhia.

Majadiliano ndiyo sehemu yenye utamu. Aliyesoma nyuzi 12 atapata kilomita 36,900, na wenzake watataka kujua kama fimbo ilipinda au kipimapembe kilisogea. Lugha nayo hunufaika: shule za umma za Tanzania hufundisha sayansi kwa Kiswahili, ilhali wanafunzi wa Kenya katika madarasa ya juu huisoma kwa Kiingereza. Kwenye jedwali hili maneno kama mzingo, wima na pembe yanawafaa wote.

Mawingu ya Machi yanaweza kuharibu siku, hivyo ni busara kupima siku tatu au nne mfululizo na kulinganisha vipimo vya siku moja tu, kwa kuwa jua husogea kila siku. Nafasi nyingine huja karibu na tarehe 23 Septemba. Safari hiyo kivuli kifupi hutokea yapata saa 6:24, robo saa mapema kuliko Machi, na madarasa yote mawili huwa yamepata swali jipya kuhusu mwendo wa dunia kulizunguka jua.