Pampu ndogo ilivyotaka kutafuna karo ya watoto

ILIKUWA likizo ya Aprili 2018, siku chache tu kabla ya shule kufunguliwa. Mimi na baba tulikuwa tumepakia kabichi na vitunguu kwenye pikapu yetu, Land Rover Defender yenye injini ya dizeli ya 300Tdi, tukitoka Naivasha kuelekea soko la Wakulima, Nairobi. Mzigo huo ndio uliotarajiwa kulipa karo ya ndugu zangu wawili.

Hadi Mai Mahiu mambo yalikuwa shwari. Lakini tulipoanza kupanda ule mlima wenye kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa Kiitaliano wakati wa Vita Vikuu vya Pili, gari lilianza kukohoa. Nguvu zikapungua na hatimaye injini ikazima. Tulipolipumzisha liliwaka, likatambaa hatua chache, kisha likazima tena.

Fundi tuliyemwita kutoka Mai Mahiu alitikisa kichwa. "Injekta pampu imekufa," akasema. Bei aliyoitaja ilikuwa kubwa kuliko thamani ya mzigo wote. Mama alipoarifiwa kwa simu, alinyamaza kimya.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja dereva wa lori aliyesimama kutujulia hali. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Mmepima oili?"

Baba alichomoa kijiti cha kupimia. Ajabu ni kwamba oili ilikuwa imepita alama ya juu, ilhali hakuna aliyeiongeza. Tena ilikuwa nyepesi kama maji na ikinuka dizeli.

"Msiwashe tena," mzee akaonya. "Injekta pampu yenu haina makosa. Ni ile ndogo ya kuvuta mafuta."

Inavyofanya kazi

Je, msomaji, unaijua pampu hiyo? Imefungwa ubavuni mwa injini kwa bolti mbili. Ndani yake mna utando wa mpira na mkono wa chuma unaosukumwa na kamshafti injini inapozunguka. Utando hupanda na kushuka, nayo dizeli huvutwa kutoka kwenye tangi na kusukumwa kupitia filta hadi kwenye injekta pampu.

Utando ukichanika, dizeli huweza kuvuja na kuingia kwenye oili. Oili iliyochanganyika na dizeli hailainishi vyuma ipasavyo, na mwenye kuendelea kuendesha hujitafutia hasara ya injini nzima. Kwa upande mwingine, injekta pampu inaweza kujivutia mafuta yenyewe kwa kiasi fulani. Ndiyo sababu gari huweza kwenda vizuri mahali tambarare, aibu ikaonekana mlimani likiwa na mzigo.

Hata hivyo, filta iliyoziba au mpira wa mafuta uliopasuka pia huweza kuleta kukohoa. Ili kuhakikisha, fundi hufungua bomba linalotoka kwenye pampu, hukinga kopo, kisha mtu huzungusha injini kwa stata. Pampu nzima hutema dizeli kwa vipindi, pu, pu, pu. Pampu mbovu hudondosha tu.

Kuibadilisha

Baba alipanda matatu hadi Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, kununua pampu, gasketi, oili na filta ya oili. Mimi nililala juu ya kabichi kulinda mali.

Asubuhi yule yule fundi alirudi, nami nikamshikia spana. Kwanza alitenganisha betri na kupangusa vumbi lote, kwa kuwa uchafu ni adui wa dizeli. Alifungua mabomba mawili akikinga mafuta kwa kopo, kisha bolti mbili, pampu ikatoka. Alikwangua gasketi kuukuu hadi chuma kikawa safi.

Wakati wa kuingiza pampu mpya, sharti mkono wake ukae sawasawa juu ya kamshafti. Bolti zilikazwa kwa zamu, huku kidogo na huku kidogo, ili pampu isikae upande. Kisha oili yote ilimwagwa kwenye debe na nyingine kutiwa pamoja na filta yake. Kuweka pampu mpya na kuacha oili ile ni kazi bure.

Hatimaye ikawa zamu ya kutoa hewa. Fundi alilegeza skrubu iliyo juu ya filta ya dizeli, akapiga kijiko cha mkono kilicho kwenye pampu hadi mapovu yakaisha. Kijiko kikiwa hakina nguvu, usidhani umeuziwa pampu mbovu. Huenda kamshafti imeubana ule mkono. Zungusha injini kidogo ujaribu tena.

Injini iliwaka. Tulifika Wakulima tukiwa tumechelewa siku moja na kabichi kadhaa zilikuwa zimenyauka, lakini karo ilipatikana.

Tangu siku hiyo, baba hawashi gari kabla ya kupima oili. Zamani alikuwa akiangalia tu kama imepungua. Siku hizi hujiuliza pia kama imeongezeka, kwani oili haizai. Nawe mwenye pikapu ya dizeli, ukiambiwa ununue kifaa cha bei ghali, omba kwanza kile cha bei nafuu kipimwe. Usipoziba ufa utajenga ukuta.