Je, Wajua? Kompyuta ya Kudumu Huanzia Kwenye Soketi

Je, wajua kwamba mazabodi nyingi zilizonunuliwa mwaka 2017 kwa ajili ya prosesa za kwanza za AMD Ryzen zinaweza kubeba Ryzen 7 5800X3D, iliyotoka Aprili 2022? Soketi ni ileile, AM4. Kinachohitajika ni BIOS mpya tu. Mwenye mashine hiyo huchomoa prosesa ya zamani, akachomeka mpya, na magemu yaliyokuwa yakikwama yakaanza kwenda vizuri. Kwa upande wa Intel, soketi ya LGA1200 ya mwaka 2020 iliambulia vizazi viwili tu vya prosesa. Kwa hiyo anayetaka kompyuta ya miaka kumi aulize habari za soketi kwanza, kasi baadaye. AM5, iliyotoka 2022, AMD imeahidi kuiendeleza hadi 2027 na zaidi.

Faida ya pili ilikuja bila kutarajiwa. Windows 11 ilipotoka 2021, Ryzen za kizazi cha kwanza hazikuwemo kwenye orodha ya prosesa zinazokubalika, na Windows 10 nayo ikafikia mwisho wa huduma Oktoba 14, 2025. Mazabodi ileile ya 2017 ikiwekewa prosesa mpya, na TPM (kipengele cha usalama) ikawashwa kwenye BIOS, inapita masharti ya Windows 11.

Kasha ndilo linalodumu kuliko vyote. Vipimo vya ATX vilitolewa na Intel mwaka 1995, na hadi leo matundu ya skrubu yanalingana. RAM ni kinyume chake: pengo lililokatwa kwenye DDR4 na DDR5 haliko mahali pamoja, hivyo ya zamani haiingii kabisa kwenye mazabodi mpya. Usiilimbikize.

Je, wajua kwamba waya za pawa saplai zinaweza kuua diski kwa sekunde moja? Upande wa diski plagi zina kiwango kimoja dunia nzima. Upande wa pawa saplai yenye waya za kuchomoa hakuna kiwango chochote. Kila kampuni hupanga pini zake itakavyo. Waya wa kampuni nyingine unaweza kuingia vizuri, ukabana kabisa, kumbe pale panapotakiwa volti 5 unapeleka volti 12. Hili liwekwe akilini hasa na anayebadilisha pawa saplai akaona uvivu kuzifumua waya za zamani zilizokwisha kufungwa vizuri nyuma ya kasha. Zifumue zote. Na ukinunua, nunua nzuri: zipo zenye dhamana ya miaka 10, na hiyo itazika kadi za picha mbili au tatu.

Ndani ya pawa saplai hiyo kinachozeeka ni kapasita, na adui wake ni joto. Hesabu ya mafundi wa elektroniki ni kwamba joto likishuka kwa nyuzi 10, uhai wa kapasita huongezeka karibu maradufu. Iliyopimwa kwa saa 2,000 kwenye nyuzi 105, ikifanya kazi kwenye nyuzi 65 inakaribia saa 32,000. Kwa mkaazi wa Dar es Salaam au Mombasa, ambako chumba chenyewe hufika nyuzi 30 kabla hata hujawasha kitu, feni nzuri na kichujio cha vumbi kinachosafishika ni mahitaji ya lazima.

Tukija kwenye kadi ya picha, je, wajua kwamba filamu ya Flow kutoka Latvia, iliyoshinda tuzo ya Oscar ya filamu bora ndefu ya katuni mwaka 2025, ilitengenezwa kwa Blender, programu ya bure, na mwongozaji wake Gints Zilbalodis aliirenda, yaani aliigeuza kuwa picha kamili, kwenye kompyuta yake mwenyewe? Ni dakika 85. Kwa picha 24 kila sekunde, hizo ni picha 122,400. Iliwezekana kwa sababu alitumia EEVEE, sehemu ya Blender inayochora kwa mbinu zilezile za magemu, na picha moja ilichukua kati ya nusu sekunde na sekunde 10. Ndiyo maana mchezaji na mrendaji wanaweza kutumia kadi moja. Tofauti ni kumbukumbu: tukio lako, pamoja na maumbo na rangi zake zote, linatakiwa lienee ndani ya kadi, na likizidi kazi hudorora au hukatika. Kwa pesa ileile, mimi huchagua kadi ya GB 16 yenye kasi ya wastani kabla ya ile ya GB 8 inayokimbia zaidi.