Kiatu cha Mbwa Mwenye Kidonda: Kisimbane, Kisimchomoke



Katika parseli nyingi za Kasuku kuna mbwa. Usiku analinda mbuzi, kuku na vyombo vilivyobaki nje; mchana anafuata watoto popote wanapokwenda. Lakini anakanyaga vipande vya chupa, mabati yaliyokatika na misumari, pale ambapo sisi wenyewe tunaogopa kupita miguu tupu. Akijikata, kidonda kinaingia matope kila hatua. Analamba, hakikauki, na baada ya siku chache mlinzi wetu analala tu. Tena mbwa mwenye maumivu anaweza kumng'ata hata mtoto anayemzoea. Ndiyo sababu juma hili tunaongea juu ya kiatu cha mbwa.

Msicheke, wamama. Kule Alaska, Marekani, mbwa wanaokimbia juu ya theluji katika mashindano ya Iditarod wanavalishwa viatu vya kitambaa, na sheria inamtaka mshindani awe na viatu 8 kwa kila mbwa. Kwetu hakuna theluji, na mbwa mzima hahitaji kiatu, maana ngozi ya unyayo wake ni nene na inamtosha. Kwetu kiatu ni cha mbwa mwenye kidonda, nacho ni cha siku chache.

Tazama mguu kwanza

Mbwa ashikwe na mtu mzima aliyemzoea. Watoto wakae kando. Kama anataka kuuma, mfunge mdomo kwa kitambaa laini, lakini kwa muda mfupi tu, kwa sababu mbwa anapoza mwili wake kwa kuhema. Osha kidonda kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Tafuta katikati ya vidole: mwiba, kioo, funza. Funza anayeingia mguu wa mbwa ndiye yule yule anayeingia mguu wa mtoto, na mayai yake yanaanguka pale mbwa anapolala. Kumfunika funza kwa kiatu si dawa. Atolewe kwanza, na mahali pa kulala pasafishwe.

Kidonda kirefu, chenye usaha au kinachotoka damu bila kukoma, kipelekwe kwa veterineri. Wala usimpe mbwa parasetamoli au ibuprofeni ya nyumbani. Dawa hizo zinaweza kumuua.

Kupima

Msimamishe mbwa juu ya karatasi. Mwenzako ainue mguu wa upande wa pili, ili uzito uje kwenye mguu unaopimwa na vidole vitanuke. Chora kuzunguka unyayo kwa kalamu. Chukua upana, halafu urefu toka nyuma ya unyayo mpaka ncha ya kucha. Ongeza kidogo kwa ajili ya mshono na bendeji. Pima mguu ule ule wenye kidonda, si mwingine, maana kwa kawaida unyayo wa mbele ni mpana kuliko wa nyuma.

Kushona

Hata bila cherehani inawezekana. Mguu wa suruali ya jinzi iliyochakaa unatoa kitambaa cha kutosha. Shona mfuko mdogo, mishono ikae nje ili isikwaruze ngozi. Chini yake shonea kipande cha mpira wa ndani wa tairi ya baiskeli, mbwa asiteleze na miiba midogo isipenye. Juu weka ukanda wa kitambaa wenye upana wa vidole viwili.

Kuvalisha

Weka pamba kidogo katikati ya vidole, funga bendeji bila kukaza, kisha ingiza kiatu. Ukanda ufungwe pale mguu unapokuwa mwembamba, juu kidogo ya unyayo. Usitumie uzi, kamba nyembamba wala mpira wa kufungia pesa, vinakata ngozi.

Hapa ndipo penye hatari. Kiatu kikichomoka, mkono unataka kukaza zaidi. Usikaze. Kinachoshika kiatu ni kipimo chake, si nguvu ya fundo. Rudi kwenye mchoro, punguza upana, ushone tena. Kidole chako kidogo kiweze kupita chini ya ukanda. Baada ya robo saa, fungua uangalie. Vidole vikiwa vimevimba au vya baridi, au mbwa akitafuna kiatu bila kuacha, kinambana. Mguu usiopata damu unaoza, na hapo mbwa aliyekuwa na kidonda kidogo anapoteza mguu mzima.

Siku ya kwanza atatembea akiinua mguu kama kuku kwenye matope. Asipigwe. Mpe kipande cha samaki, mtembeze dakika 5, mvue. Kesho ongeza kidogo.

Kuvua ni kazi pia

Mbwa anatoa jasho kwa nyayo, na kiatu cha mpira kikikaa siku nzima kidonda kinalowa. Avae anapotoka nje. Akirudi avuliwe, bendeji iliyolowa ibadilishwe. Wakati wa mvua unaweza kuongeza mfuko wa plastiki juu, lakini usipite saa moja. Usiku asilale na kiatu, asije akakitafuna na kumeza vitambaa.

Akimng'ata mtu

Hata kama ni mbwa wenu, osha jeraha mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku ile ile. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu, karibu kila mara kinaua. Chanjo ya mapema ndiyo inayookoa, kwa hiyo msingoje kuona kama jeraha litapona lenyewe. Na mbwa mwenyewe achanjwe kabla ya siku ya hatari.

Katika mkutano wetu ujao, mwenye jinzi iliyochakaa au mpira wa baiskeli uliotoboka asiutupe. Auje nao, na wanaojua kushona watuonyeshe.