Mwanao akikuuliza kuhusu viumbe wa angani wanaoishi kama nyuki, mjibu hivi

Katika katuni na filamu za anga ambazo watoto wanazipenda, mara nyingi wapo viumbe wa sayari ya mbali wanaoishi kama nyuki. Malkia mmoja anazaa, maelfu wengine wanachapa kazi na kulinda, na hakuna anayelalamika. Runinga ikizimwa, mtoto anakuja na swali: je, viumbe wenye akili wanaweza kweli kuishi hivyo? Kwa nini mtu akubali kulea wadogo zake maisha yake yote bila kuwa na watoto wake mwenyewe?

Mzazi hana haja ya kulikwepa swali hilo. Hata Charles Darwin, katika kitabu chake cha mwaka 1859 kuhusu asili ya viumbe, alikiri kwamba wafanyakazi wasiozaa katika makundi ya wadudu walimpa shida kuwaeleza.

Undugu peke yake hautoshi

Mwaka 1964 mwanasayansi wa Uingereza, W. D. Hamilton, alitoa sehemu ya jibu. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja wanachangia, kwa wastani, nusu ya vinasaba vyao, sawa kabisa na mzazi na mtoto wake. Kwa hiyo anayemlea mdogo wake naye anaendeleza ukoo, ila kwa njia nyingine.

Lakini vifaranga wa kuku nao ni ndugu, na hawajengi mzinga. Kuna kitu kingine kinachohitajika.

Katikati ya miaka ya 1970, Richard Alexander wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, alikuwa akiwapa wasikilizaji wake fumbo: kama kungekuwa na mnyama anayenyonyesha lakini anaishi kama mchwa, angekuwaje? Akamchora kwa maneno. Angeishi chini ya ardhi ngumu, katika nchi yenye joto na ukame. Makao yake yangekuwa ngome dhidi ya maadui na yangeweza kupanuliwa kadiri familia inavyokua. Chakula chake kingekuwa mizizi minene iliyotawanyika mbali mbali, ambayo mmoja akiitafuta peke yake angekufa njaa.

Alikuwa akizungumzia kiumbe wa kubuni. Lakini baada ya mhadhara mmoja, msikilizaji aliyewahi kufanya utafiti Kenya alimwambia kwamba mnyama huyo yupo. Ni fuko asiye na manyoya, anayeishi Kenya, Ethiopia na Somalia. Mwaka 1981 mtafiti Jennifer Jarvis alithibitisha kwa maandishi: katika kundi lao anazaa malkia mmoja tu, na wengine, ambao wanaweza kuwa zaidi ya mia moja, wanachimba, wanaleta chakula na kulea watoto.

Basi jibu la mtoto ni hili: viumbe wa namna hiyo hutokea pale ambapo nyumbani ni salama na kuna chakula, huku kuondoka ni kama kwenda kufa. Anayebaki na kusaidia anapata zaidi kuliko anayejaribu kuanza maisha peke yake. Mtoto anayependa kubuni sayari yake aanze na maswali mawili: nje kuna hatari gani, na nyumbani kuna nini cha kurithi?

Wakiwa na akili, je?

Hapa ndipo filamu nyingi hukosea. Fuko mfanyakazi si tasa. Malkia huwasukuma wenzake na kuwabana, na wakiwa chini yake miili yao haifikii hatua ya kuzaa. Jike akitengwa na kundi na kuwekwa na dume, anaweza kuzaa. Malkia akifa, majike huweza kupigana hadi kuuana wakigombea nafasi yake. Kumbe ule utulivu si moyo wa kujitolea tu. Kuna nguvu inayoulinda. Viumbe wenye akili wangeona hilo na kuuliza, “Kwa nini mimi?”

Binadamu nao ni viumbe wa kusaidiana kulea. Mkono mmoja haulei mwana, wanasema Waswahili. Kristen Hawkes na wenzake, waliofanya utafiti kwa Wahadzabe karibu na Ziwa Eyasi, Tanzania, walieleza jinsi bibi wanavyochimba mizizi kwa bidii, na jinsi kazi hiyo inavyosaidia kuwalisha wajukuu wakati mama anapokuwa na kichanga. Tofauti na fuko, bibi huyo ameshapata watoto wake. Zamu yake haikunyang’anywa.

Swali la mtoto, basi, linaweza kurudi kwa mzazi. Katika nyumba nyingi, kifungua mimba, hasa wa kike, ndiye anayebeba mdogo mgongoni, anapika na kufua, kisha anafungua daftari usiku wenzake wakiwa wamelala. Kumfundisha kusaidia ni malezi mema. Lakini zamu za kazi zigawanywe, kaka zake wakiwemo. Saa zake za kusoma ziheshimiwe, na aambiwe wazi kazi ipi ni yake na ipi ni ya mzazi.

Na akiuliza, “Kwa nini mimi?”, asichukuliwe kuwa amekosa adabu. Anastahili kujibiwa.