Kifyatulio cha Bunduki ya Kale

Mtu aliyezoea bunduki za mashindano za siku hizi, ambazo risasi hutoka kwa kuguswa tu, akiishika kwa mara ya kwanza Lee-Enfield iliyoundwa mwaka 1917, hustaajabu na pengine huudhika. Kidole hukivuta kifyatulio, ambacho wengi hukiita triga, nacho hurudi nyuma kwa ulaini pasipo lolote kutokea. Kisha hugota, kana kwamba kimekuta ukuta. Na ni baada ya kuongezewa nguvu ya pili, nguvu iwezayo kuutikisa mkono usiozoea, ndipo bunduki hulia. Papo hapo humjia wazo la kumwendea fundi akamlainishie. Wazo hilo, katika nchi kama Uingereza, Marekani na Kanada, ambako raia huweza kumiliki silaha hizi kwa ajili ya shabaha na kumbukumbu, limezua mabishano marefu baina ya wapenzi wa vitu vya kale, nami naona lastahili kupimwa kwa utulivu kabla tupa haijagusa chuma.

Yapasa kwanza ijulikane kwamba uzito ule si kasoro ya kiwandani. Juu ya kifyatulio cha Lee-Enfield mna vinundu viwili: cha kwanza hukisukuma kishikizo kinachoizuia pini ya kupigia, kikakiondoa karibu chote mahali pake, cha pili, ambacho wenzo wake ni mfupi zaidi, hudai nguvu kubwa ili kuumaliza ule ukingo mdogo uliosalia. Kwa bunduki ya Number 4, toleo la baadaye la Lee-Enfield, mvuto wa kwanza uliwekwa baina ya ratili 3 na 4, na wa pili baina ya ratili 5 na 6 na nusu. Waliopanga hivyo walimfikiria askari aliyelala matopeni, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, moyo wamdunda na mwenzake yu hatua mbili mbele yake. Hawakumfikiria muungwana aliyejinyosha juu ya busati siku ya Jumamosi. Askari wetu wa KAR (King's African Rifles), jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, waliozibeba silaha za ukoo huu katika vita vya Uhabeshi na kisha katika misitu ya Burma, walifyatua kwa uzito huo huo. Mvuto wa kwanza ni hodi, na wa pili ndio kuingia. Na mtu aliyepiga hodi bado ana nafasi ya kurudi.

Lakini iko sababu nyingine ya kutoharakisha, nayo ndiyo inivutiayo kuliko zote. Katika Lee-Enfield za zamani, na katika Number 4 za mwanzo, kifyatulio kimetundikwa kwenye ule upinde wa chuma unaokikinga kwa chini, ilhali kishikizo kimefungwa kwenye mwili wa bunduki wenyewe, na katikati ya viwili hivyo umekaa mti. Mti huvimba kwa unyevu na kunywea kwa ukavu, kama ajuavyo kila mwenye mlango unaogoma kufunga wakati wa masika. Na ukishavimba au ukinywea, nafasi iliyopo kati ya kifyatulio na kishikizo hubadilika, hata mvuto uliokuwa barabara mwezi uliopita ukaharibika bila ya chuma kuguswa na yeyote. Ni wangapi waliosugua chuma, kumbe mgonjwa ni mti! Jeshi la Uingereza lenyewe liliutambua ugonjwa huu, na mwaka 1949 ikaanza kutengenezwa Number 4 Mark 2, ambayo kifyatulio chake kimetundikwa kwenye mwili wa bunduki, mti usiwe tena na la kusema. Tena nyingi za zile Number 4 za mwanzo zilirudishwa karakana, zikarekebishwa vivyo hivyo, zikapigwa alama mpya ya Mark 1/2. Basi asemaye kwamba silaha ya jeshi ni haramu kubadilishwa ajue kwamba anashindana na jeshi lenyewe, ila jeshi lilibadilisha baada ya kupima, likaliandika tendo lake juu ya chuma, kila mtu apate kulisoma.

Kulainisha kwa jiwe la kunolea ni habari nyingine kabisa. Nyuso zinazokutana pale zimetiwa ugumu kwa moto, na ngozi hiyo ngumu yaweza kuwa nyembamba. Ikisuguliwa ikaisha, chuma laini cha ndani hulika upesi, na siku moja bunduki itafyatuka kwa kufungwa komeo tu, au kwa kugongwa kitako chini, hali hakuna kidole kilichoigusa. Hapo hatuzungumzi tena thamani wala historia. Twazungumza roho ya mtu.

Kwa hiyo hukumu yangu huifuata bunduki yenyewe. Ikiwa namba ya komeo yalingana na ya mwili, na taji na herufi za mfalme zingali zasomeka, na mti ni ule ule iliotoka nao, hiyo ni hati, na hati haifutwi maneno ili isomeke kwa wepesi. Baada ya vita nyingi ziliuzwa kwa bei ya kutupa, zikakatwa miti na kasiba ili ziwe za kuwindia. Wakati ule hakuna aliyeona ubaya, na leo zilizobaki nzima ndizo zitafutwazo. Iliyokwisha kukatwa hivyo, mwenyewe na aitengeneze apendavyo, maadamu kazi itashikwa na fundi aliyehitimu. Na mwenye azma ya kushindana na asome kanuni kwanza, kwani mashindano mengi ya bunduki za kale hudai silaha iwe kama ilivyotolewa jeshini, na kifyatulio hutundikwa uzani kikapimwa. Mathalan CMP, shirika la shabaha la Marekani, katika mashindano yake ya namna hiyo haikubali M1 Garand, bunduki ya zamani ya jeshi la nchi hiyo, ambayo mvuto wake u chini ya ratili 4 na nusu.

Mimi ningeanza kwa bisibisi, nikaiacha tupa mahali pake: nikague skurubu za ule upinde wa chuma kama zimekaza, na mti kama umeukalia mwili sawasawa. Kisha ningefanya mazoezi mwezi mzima, bunduki ikiwa tupu na imekaguliwa mara mbili, hata kidole kijue pale hodi inapokwisha. Lau moyo bado haukuridhika, vipuri vya zamani hupatikana; fundi na avifunge hivyo na kuvipima, na vile vya asili vizungushiwe kitambaa chenye mafuta, pamoja na kipande cha karatasi kilichoandikwa namba ya bunduki, viwekwe sandukuni pale mrithi atakapoviona.