Redio mbili, masikio mawili
Jinsi wapenda-redio wanavyoshindana hewani

Wahenga walisema: mshika mbili, moja humponyoka. Tena wakasema kwamba njia mbili zilimshinda fisi. Lakini wako watu ulimwenguni ambao kila mwaka hukaa kitini siku mbili, mchana na usiku, redio moja ikisema katika sikio la kushoto na nyingine katika sikio la kuume, nao hawataki hata moja iwaponyoke. Je, ni wazimu? Hapana, ni ufundi, nao una kanuni zake. Leo twataka kuwaeleza wasomaji wetu ufundi huo. Na hata asiye na redio ya kutuma ataona humo fundisho juu ya kazi iliyo ngumu kuliko wengi wadhanivyo, yaani kusikiliza.

WAPENDA-REDIO NI AKINA NANI?

Wengi wetu katika Kongo tunaijua foni, ile redio ya mawimbi mafupi ambayo kwayo misheni na hospitali za mbali zilipashana habari mahali pasipo na simu. Wapenda-redio hutumia mawimbi ya namna hiyohiyo, lakini si kwa kazi wala kwa faida ya fedha. Kila mmoja amepewa kibali na serikali yake pamoja na jina la mwito, na herufi za kwanza za jina hilo zaonyesha nchi anayotoka. 9Q ni Kongo, 9X ni Rwanda, 9U ni Burundi, 5X ni Uganda, 5H ni Tanzania, 5Z ni Kenya. Zamani za Wabelgiji, majina ya wapenda-redio wa Kongo yalianza na OQ5.

Watu hao hupenda kushindana. Shindano mojawapo kubwa sana ni lile liitwalo CQ World Wide, lililoanza mwaka 1948. Hufanywa mara mbili kila mwaka: mwisho wa Oktoba kwa sauti ya mtu, na mwisho wa Novemba kwa alama za Morse. Huendelea saa 48 bila kukoma. Katika Bukavu na Lubumbashi laanza saa 8 za usiku, Jumamosi ingali changa. Katika Kinshasa ni saa 7.

Kazi ya mshindani ni hii: kuzungumza na vituo vingi iwezekanavyo vya nchi nyingi iwezekanavyo. Mazungumzo yenyewe ni mafupi mno. Mmoja humpa mwenzake alama ya usikivu, kisha namba ya eneo lake; kwa maana dunia imegawanywa katika maeneo 40, na Kongo imo katika eneo la 36, Tanzania, Kenya na Uganda katika la 37. Mwenzake naye hutoa yake, wakashukuriana, wakaachana. Fundi aliyezoea hufanya hayo yote kwa sekunde 10 au 15.

KWA NINI REDIO MBILI?

Ili kuelewa jambo hili yafaa kufanya hesabu kidogo. Kituo cha Kongo kikizungumza na kituo cha bara jingine hupata alama 3. Mwishoni alama zote hujumlishwa, kisha huzidishwa kwa idadi ya nchi na maeneo yaliyopatikana katika kila bendi. Tuseme mtu amezungumza na vituo 2,000 vya mabara mengine: ana alama 6,000. Tuseme tena ana nchi na maeneo 300. Mara 300, amepata 1,800,000. Sasa akiongeza kituo kimoja cha nchi aliyokwisha kuipata, jumla yake huongezeka kwa 900 tu. Lakini kituo hicho kikiwa cha nchi mpya, jumla huongezeka kwa 6,903. Basi nchi mpya moja yapita vituo saba vya kawaida.

Hapo ndipo penye shida. Anayekaa mahali pamoja akiita “CQ, CQ”, yaani “vituo vyote, nijibuni”, hujibiwa na wengi, lakini nchi adimu hazimjii. Nazo pia zimekaa mahali pao zikiita. Akiondoka kwenda kuzitafuta, anapoteza wale wengi, na nafasi yake hewani huchukuliwa na mtu mwingine mara moja.

Lakini tazameni: mtu anapoita hasikii kitu. Mwito wachukua sekunde 4 au 5, namba za kupeana sekunde nyingine kadhaa. Mtu akiita na kujibu bila kupumzika, karibu nusu ya wakati wake masikio yake hayana kazi. Redio ya pili imewekwa kwa ajili ya nusu hiyo. Redio ya kwanza inapotuma katika bendi moja, sikio hutembea katika bendi nyingine.

MATENGENEZO YA KITUO

Jambo la kwanza ni kuilinda redio inayosikiliza. Ikiwa jirani yake anatuma kwa nguvu ya wati 100 au zaidi, na antena zi karibu, redio hiyo yaweza kuzibwa masikio, au hata kuungua. Tena kila mtambo wa kutuma huacha mabaki yake katika masafa yaliyo mara mbili, mara tatu na mara nne ya yale yanayotumika. Anayetuma katika megahezi 7 huleta kelele katika 14, 21 na 28. Kwa sababu hiyo mafundi hutenga antena mbali kadiri uwanja unavyoruhusu, na katika kila redio hufunga chujio linaloruhusu bendi moja tu kupita.

Iko pia dawa isiyo ghali: kipande cha waya wa antena, ule wenye ala ya nje ya kusukwa, kilichounganishwa kando ya njia ya antena. Urefu wake uwe robo ya wimbi la megahezi 7, yaani karibu mita 7 kwa waya wa kawaida wenye plastiki ngumu ndani, na ncha zake za mwisho zifungwe pamoja. Kipande hicho huyaacha mawimbi ya 7 yapite kama kwamba hakipo, lakini huyameza yale ya 14 na ya 28. Katika nchi isiyo na maduka ya vyombo hivyo, mkasi na waya vyafanya kazi nyingi.

Jambo la pili ni visikilizio. Redio ya kwanza iende sikio la kushoto, ya pili sikio la kuume, wala zisibadilishwe kamwe katikati ya shindano, ili akili isilazimike kuuliza: huyu anaita wapi? Katika Morse ni vema sauti za redio hizo mbili zisilingane, moja iwe nzito kidogo na nyingine nyembamba.

Jambo la tatu ni kufuli. Sheria ya mshindani aliye peke yake yasema kwamba haruhusiwi kutuma mawimbi mawili kwa wakati mmoja. Kusikiliza kuwili ni halali; kusema kuwili ni kosa. Kwa hiyo kituo kizuri kina swichi ambayo, redio moja inapotuma, huifunga nyingine kabisa.

NAMNA YA KUFANYA

Kwanza, mwache mtambo uite. Kompyuta hutuma mwito wa Morse, au sauti yako iliyorekodiwa, nawe kinywa na mikono ni huru.

Pili, mwito unapokwenda, geuza kitufe cha redio ya pili polepole. Ukisikia kituo, pata jina lake lote, uliandike tayari, uone kama umekwisha kuzungumza naye katika bendi hiyo. Usimwite bado.

Tatu, mwito wako wa kwanza ukiisha, rudisha akili yote katika sikio la kushoto. Akijibu mtu, mhudumie. Asipojibu mtu, hapo ndipo pa kumwita yule wa redio ya pili, jina lako mara moja tu. Unapongoja aitike, redio ya kwanza inaweza kuita tena.

Nne, ikitokea kwamba wote wawili wanakujibu pamoja, usibabaike. Mpe wa kwanza namba zako. Naye anapokupa zake, mtumie wa pili za kwake. Maneno yafuatane kama watu wawili watwangao katika kinu kimoja: mchi mmoja hupanda, mwingine hushuka, wala haigongani.

Mabingwa huenda mbele zaidi. Huita katika bendi mbili kwa zamu, na kuhudumia safu mbili za wajibuji kwa mpokezano. Lakini huo si ufundi wa mwanafunzi.

Wako pia wenye redio moja iliyo na vipokeo viwili ndani yake. Hao hawawezi kufanya yote tuliyosema, lakini wana faida nyingine. Kituo adimu mara nyingi hutuma mahali pamoja na kusikiliza mahali pengine, juu kidogo. Mwenye vipokeo viwili husikia kwa sikio moja kituo chenyewe, na kwa jingine kundi la wanaokiita. Hivyo hutambua ni nani aliyejibiwa sasa hivi na wapi, naye huita hapo badala ya kupiga kelele ovyo.

AKILI INA MIPAKA

Mwaka 1953 mtaalamu wa Uingereza, Colin Cherry, alitangaza majaribio yake juu ya watu waliosikilizishwa maneno tofauti katika kila sikio. Waliambiwa wayarudie kwa sauti maneno ya sikio moja. Walifaulu vizuri. Lakini walipoulizwa juu ya sikio la pili, hawakujua karibu lolote; walitambua tu mambo makubwa, kama vile sauti ya mwanamume kugeuka ya mwanamke.

Basi mabingwa wa redio mbili hawasikilizi mawili sawasawa. Wanajua kuhama upesi, na kurudi kwa wakati. Wakati wa kurudi ndio kipimo cha fundi. Anayenogewa na nchi adimu katika sikio la kuume humwacha mtu katika sikio la kushoto akiita mara moja, mara mbili, kisha akaenda zake. Na mtu huyo pengine ana wati 5 tu na waya uliofungwa mtini, amengoja saa nzima hewa ifunguke. Kwake yeye 9Q ni nchi adimu, kwa kuwa vituo vya Kongo ni vichache. Sisi tungeona tumepoteza alama 3. Yeye amepoteza Kongo.

Tena hesabu za mwisho hazifichiki. Kila mshindani hupeleka daftari yake, na kompyuta hulinganisha madaftari yote. Jina lililosikika vibaya hufutwa, na alama nyingine hukatwa kwa adhabu. Kwa hiyo asemaye “nimesikia” na hali amebahatisha, hujidanganya mwenyewe. Ni heri kuomba jina lirudiwe kuliko kuandika la kudhani.

SHAURI KWA VIJANA

Asiyejua kuendesha redio moja asiguse ya pili. Na asiye na redio ya kutuma aweza kuanza kwa kusikiliza. Lakini redio ya kawaida ya nyumbani haitoshi. Sauti za wapenda-redio husikika humo kama mlio wa bata. Yatakiwa kipokeo cha mawimbi mafupi chenye swichi ya SSB, na mita kadhaa za waya juu ya mti au paa. Mvua ya radi ikikaribia, chomoa waya huo mara moja.

Wiki ya mwisho ya Oktoba, Jumamosi mchana, tafuta kati ya megahezi 14.1 na 14.35, au katika 21 na 28. Jioni shuka hadi 7. Chukua kalamu, andika kila jina la mwito unalolipata kamili, pamoja na saa yake. Ukiweza kuandika majina 50 bila kubahatisha hata moja, mwombe ndugu yako akusomee habari katika sikio la pili, kisha ujaribu tena. Hapo utajua redio ya pili ni kazi ya namna gani.