Mguu Unaozunguka

Mafundi viatu wengi bado wanashonea cherehani nyeusi ya chuma yenye mkono mrefu, mwembamba kama mdomo wa korongo. Kama kibao chake hakijang'oka, huenda kikasomeka 29K. Herufi hiyo ni ya Kilbowie, kiwanda cha Singer kilichokuwa Clydebank, Uskoti. Mwaka 1913 pekee kilitoa mashine zaidi ya milioni 1.3. Kilifungwa 1980, lakini stesheni ya treni iliyo jirani inaitwa Singer hadi leo.

Uingereza na Marekani wako watu, wengine hata si mafundi, wanaozinunua mashine hizi zikiwa zimeganda kwa kutu na kuzimalizia Jumamosi zao. Mafuta ya taa, brashi, kisha oili tone kwa tone kwenye kila tundu. Ubishi wao hauishi: zipakwe rangi upya au ziachiwe makovu yake? Mimi niko upande wa makovu. Rangi mpya huficha ufa.

Kinachowapagawisha hasa ni mguu. Cherehani ya kawaida husogeza kitambaa kwa meno yaliyo chini yake. 29K haina meno hayo. Mguu wenyewe huibana ngozi kwa juu, ukaivuta, ukainuka, ukarudi kuibana tena. Tena huzunguka duara zima, kwa hiyo fundi hahangaiki kukigeuza kiatu. Kiatu hukivisha kwenye ule mkono mwembamba, akaugeuza mguu kwa vidole, akashona mbele, kando, hata kurudi nyuma. Kiraka cha buti hushonwa bila kung'oa soli.

Ila ufundi huohuo ndio unaoizeesha. Vyuma vinavyouvuta mguu vikilika, hatua yake hufupika. Unaomba mshono mrefu, unapewa mfupi, na kukaza skrubu hakusaidii. Bobini nayo, katika matoleo mengi, ni ndogo mno: uzi mnene huisha katikati ya kazi. Hapo hata mpenzi wake mkubwa hutukana.

Kwa hiyo wewe unayetaka kununua, maandishi ya dhahabu yasikulevye. Nenda na kipande cha ngozi na rula. Weka mshono mrefu kabisa, shona pande nne, kisha pima. Mishono ikiwa mifupi, au upande mmoja ukitofautiana na mwingine, bei ishuke au urudi na pesa zako.